Mwambie Kabla Hajaondoka

Binti yangu, umeniomba nimuusie mjukuu wangu kabla hajapanda ndege kwenda kusoma Uingereza. Nitamuusia. Lakini keti kwanza, maana mengi ya haya ni yako kuliko yake. Nivumilie nikisema polepole; umri umenichosha.

Pale Upper Hill, penye ghorofa la vioo unalofanyia kazi, ndipo babu yako alipofua nguo za watu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wakubwa wake Wazungu walijichagulia kilima, penye upepo, mbali na kinamasi. Wahindi wakawa Ngara na Parklands; sisi tukatengewa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Mwafrika hakulala kilimani ila awe mtumishi, katika kijumba cha nyuma. Hata ugonjwa ulikuwa na rangi: Hospitali ya Kenyatta ilianzishwa mwaka 1901 kuwa ya "wenyeji", na mwaka 1954 ikafunguliwa ya Wazungu peke yao, mwendo mfupi kutoka ilipo Kenyatta leo. Ndiyo hii Nairobi Hospital.

Katika ujana wake babu yako alitembea na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Lakini kipande sicho kilichoniumiza.

Mwaka 1955, shule zilipofungwa, nilimtembelea kazini. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa mwajiri, wa rika langu, alitoka barazani akaita, "Boi!" Baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, akaitika, "Ndiyo, bwana mdogo." Usiku nikamuuliza kwa nini. Alinyamaza kitambo, akanigeuzia mgongo, akasema, "Lala."

Simlaumu, alikuwa akilinda unga wetu. Ila kimya kile nilikifasiri kitoto: kwamba huenda tusi lina ukweli ndani yake. Sikumchukia yule mtoto. Nilimwonea aibu baba yangu, na aibu hiyo nimeibeba miaka mingi mno.

Sasa nisikilize. Mwaka 2020, Mmarekani mweusi George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis, mwanao alikuuliza kwa nini askari hakumwondolea goti shingoni. Ulizima televisheni ukamwambia akasome. Nilikuwa nimeketi palepale, nikasikia tena, "Lala."

Lingine ni zito zaidi kulisema. Siku ile mimi na mjukuu wangu tulipokuja kazini kwenu, mlinzi wa getini alinidai kitambulisho, akapekua mkoba wangu. Mzungu aliyekuwa nyuma yetu alipigiwa saluti, akapita. Nawe uliposhuka ulimkimbilia yeye kwanza, kisha ukatugeukia sisi. Sikukasirika, mama. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya wangu, nami niliusikia ukilegea. Nyumbani nako binamu yake anasifiwa uzuri kwa sababu ni mweupe. Masomo hayo tumempa sisi wenyewe, kabla hajamwona mbaguzi hata mmoja.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hufunza bila huruma. Basi mfunze wewe. Mwambie huenda akafuatwa dukani kana kwamba ni mwizi, akasimamishwa na polisi bila kosa, akashangiliwa kwa kujua Kiingereza alichokisoma tangu chekechea. Mwambie si kila mtu atamtendea hivyo, ili asiishi kwa hofu wala chuki. Likimfika, ajitulize, aandike siku, mahali na maneno, amwambie mtu. Asilale nalo peke yake. Ajue pia kwamba kule kuna Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi wa rangi kazini na chuoni. Na zaidi ya yote, ajue kwamba aibu ni ya anayetukana, si ya anayetukanwa.

Kisha kesho ukifika kazini, msalimie mlinzi yule kwa jina lake. Wageni wakija, wapokee kwa zamu, kama walivyofika. Mtoto atayaamini maneno yako akiona unayaishi.

Jioni mlete. Nitamsimulia habari ya usiku ule, nawe uketi nasi usikie. Na nitamtajia jina la baba yangu, alitamke vizuri mpaka alizoee, maana pale kilimani hakuna aliyewahi kumwita kwalo.