Kuziba Ufa na Kufunika Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandikia insha mara kadhaa na kupata alama nzuri. Likizo iliyopita niligundua kuna swali haijibu: je, anayeuziba ufa kwa kuuficha ameitii methali au ameivunja?

Kwetu ni Butare, si ile ya Huye inayojulikana na wengi, bali sekta ya Butare wilayani Rusizi, milimani. Nyumba ya bibi ni ya rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa. Saruji inatengenezwa Bugarama, wilaya hiihii, lakini kwa bibi ilikuwa kitu cha kutamaniwa tu. Shangazi yangu mdogo alipopata mchumba, bibi akasema wageni wa posa hawatapokewa kwenye kuta za udongo. Aliuza mbuzi wawili, akapatana na fundi apige lipu sebule kwa siku nne, malipo faranga 70,000. Mimi nikawa umuyede, kibarua wa kumchanganyia fundi mchanga na saruji.

Siku ya kwanza tukabandua udongo wa zamani. Nyuma ya kabati kukatokea ufa ulioweza kuingia kidole. Fundi akaufuata kwa ncha ya mwiko hadi chini, akatoka nje akachimba kidogo. Mawe ya msingi yalikuwa yamelegea. Maji ya paa lisilo na mfereji yalikuwa yameula udongo kwa miaka mingi. Bibi akakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipoitikisa Bukavu na Rusizi na kuua watu, wengine wakiwa kanisani. Wiki ileile babu alikandika udongo juu ya ufa, na hakuna aliyeutaja tena.

"Mukecuru," fundi akasema, "nikipiga lipu hapa itapendeza mpaka harusi ipite. Lakini ukuta huu hauna miguu." Ilibidi ubomolewe na kujengwa upya kuanzia msingi. Fedha za bibi zisingefika hata nusu.

Bibi alikaa kimya, kisha akajibu: "Mwanangu, nilikuita upake, sikukuita uchunguze. Mpaka asubuhi ya leo nilikuwa na nyumba."

Je, fundi alimkosea? Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hatuna haki ya kusema uongo hata kwa nia njema. Lakini fundi hakuulizwa kitu. Angepaka, angelipwa, na mdomo wake usingetamka uongo hata mmoja. Kwa maoni yangu mwiko wake ungeutamka. Lipu laini humwambia kila aingiaye kwamba nyuma yake kuna ukuta mzima, na mgeni huuegemea bila kuuliza.

Basi babu naye alikuwa mwongo? Hapa hoja yangu inapwaya. Ningependa kusema kwamba yeye aliufunika ufa alioujua, akalala chini yake mwenyewe. Lakini shangazi pia alilala humo, akiwa mtoto, naye hakuambiwa. Pengine babu hakuwa na fedha za kuukabili ukweli, na hilo ndilo linalonisumbua: mara nyingi anayesema ukweli si yeye anayeulipia. Fundi angalau aliulipia kidogo. Alichukua ujira wa siku moja, akaziacha faranga nyingine zote. Angekuwa amegundua ufa ule ili aongezewe kazi, ningemsikiliza kwa sikio jingine.

Posa ilifanyika uani, chini ya turubai la kukodi. Ukuta tuliuegemezea magogo mawili ya mkaratusi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliyatazama sana, mwishowe akauliza ni ya nini.

"Tunajenga," bibi akamjibu, akamwongezea kinywaji.

Siku hiyo uani hapakuwa na jiwe hata moja la kujengea.