Meno Yaliyopandana: Ila Ni ya Nani?



Wako watoto wasiocheka ila wamejiziba kinywa. Wa kike hujifunika kwa ncha ya mtandio, wa kiume hukaza midomo. Ukichunguza utaona meno yao yamepandana, au yamechomoza mbele, au ya juu na ya chini hayakutani. Nataka tulipime suala hili: je, hiyo ni ila? Na kama ni ila, kuirekebisha ni halali, au ni kubadili alichoumba Mwenyezi Mungu?

Kwanza tujue jambo lenyewe ni la wangapi. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 1,601 wa shule za msingi za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Karibu 64 katika kila 100 walikutwa na kasoro moja au zaidi katika mpangilio wa meno. Basi amchekaye mmoja amewacheka walio wengi. Tena katika hesabu ile hata nafasi ya milimita 2 baina ya meno iliandikwa kuwa ni kasoro. Na nafasi kama hiyo ikiwa baina ya meno mawili ya mbele, sisi twaiita mwanya na twaisifu! Kumbe mara nyingine ila haimo kinywani mwa mtoto, bali imo katika jicho la mtazamaji.

Lakini hapa tusiteleze. Kutofautiana ni jambo moja, na kudhurika ni jambo jingine. Meno yasiyoweza kutafuna, au yanayojeruhi shavu, au yaliyobanana hata mswaki haupiti, hayo yana dhara. Na mwalimu wa chuo huona dhara jingine. Herufi ya faa hutokea kwenye ncha za meno ya juu na mdomo wa chini, na thaa hutaka ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu. Mtoto ambaye meno yake hayakai mahali pake hutaabika, na bakora hainyooshi meno. Imepokewa kwamba asomaye Qur'ani kwa taabu ana malipo mawili. Basi sisi walimu tusimtahayarishe mbele ya wenzake.

Ama sababu zake, nyingine ni za kurithi, kama taya dogo la mama kukutana na meno makubwa ya baba. Nyingine ni kunyonya kidole hata mtoto akawa mkubwa. Lakini nyingine twazifanya wenyewe. Twaacha meno ya utotoni yaoze, twasema, "Yatang'oka tu." Meno hayo 20 ni walinzi wa nafasi za yajayo. Jino likitoka kabla ya wakati, majirani zake huegemea pale palipo wazi, kama mitumbwi ya dagaa inavyobanana ufukweni; la ukubwani likija halina pa kutia nanga.

Na baya kuliko yote ni hili liitwalo "meno ya nailoni". Katika sehemu nyingi za Tanzania, na kwa jirani zetu wa Uganda, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hudhaniwa kuwa uvimbe mweupe ulio katika ufizi ndio ugonjwa. Huchokolewa kwa kisu au kwa waya. Kumbe kilichotolewa ni chonge changa. Mtoto huweza kuvuja damu au kupata pepopunda, na akipona, chonge yake ya ukubwani huenda isiote, au ikaota imepinda. Huko ndiko kubadili maumbile hasa, wala hatukuiti hivyo.

Ama hukumu, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Mas'ud laana juu ya wanawake wanaochonga meno kutia mwanya kwa ajili ya uzuri. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab zama za ujahili. Alitia pua ya fedha, ikamnukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha atie ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume! Hakuambiwa avumilie. Kwa hiyo kilichokatazwa ni kuharibu kilicho kizima kwa kutafuta pambo; kuondoa dhara ni tiba.

Utauliza: na yule ambaye meno yake yatafuna vizuri, ila ana huzuni? Huzuni nayo ni dhara, na ikiwa kasoro ni ya dhahiri na mzazi anao uwezo, kumpeleka kwa daktari wa meno akafungwa nyaya si kumshindanisha na Muumba. Lakini tazama kwanza huzuni imetoka wapi. Hapa Gungu watoto wakitoka chuoni utasikia huyu akiitwa Sururu, yule Meno, na watu wazima wapo barazani wanacheka. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza dhihaka na majina mabaya. Nyaya hugharimu fedha ambazo wazazi wengi hawana. Kuacha kumcheka mtoto hakugharimu kitu. Asiyeweza la kwanza hana udhuru kwa la pili.

Hujafa hujaumbika. Jino lililopinda huweza kunyooshwa na mtu mwingine. Ulimi uliopinda hunyooshwa na mwenyewe tu.

Wallahu aalam.