Mwimbaji Asiye na Bosi

Mwimbaji wa kabarei anayejitegemea husifiwa kwa jambo moja: hana bosi. Nyimbo anachagua mwenyewe, kumbi anajitafutia, malipo anapatana bila wakala, na akichoshwa na mahali anafunga virago. Sifa hiyo si ya uongo. Lakini kutokuwa na bosi ndiko kuwa huru?

Tuanze na chumba chenyewe. Tangu Le Chat Noir ilipofunguliwa Montmartre, Paris, mwaka 1881, kabarei imekuwa mahali pa watu kuketi mezani, kunywa na kusikiliza kwa pamoja. Mwimbaji yuko karibu mno. Anayepiga miayo anamwona. Anayeita bili katikati ya ubeti anamsikia. Jana walimpigia makofi mpaka akarudi mara mbili. Leo watu ni wa kuhesabu, na nusu yao wanajadili mpira. Mwenye ukumbi naye anaipima jioni kwa chupa zilizouzwa, wakati mpiga piano anasubiri chake, ukumbi ujae usijae.

Kwa hiyo aliyemkimbia bwana mmoja amejipatia mabwana wengi. Wala hilo si baya. Édith Piaf aliokotwa mtaani mwaka 1935 na Louis Leplée, mwenye klabu, aliyempa jukwaa na jina. Mwaka uliofuata Leplée aliuawa. Piaf alihojiwa na polisi, hakushtakiwa, ila kashfa ile nusura imzike kisanaa. Riziki yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari mmoja. Mwenye wadeni wengi wadogo hulala vizuri kidogo.

Hapa wapenzi wa taarabu watanielewa upesi. Mama anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, noti imebanwa vidoleni. Anamtunza mwimbaji, kisha anarudi huku jicho limeelekezwa kwa mtu fulani. Mwimbaji hakumtaja yeyote. Lakini ubeti ule, kwa noti ile, umeshakuwa wa mama, na aliyelengwa ameshajijua. Wapo wanaodai kwamba huko ni kuuza ulimi. Sikubaliani nao. Mtunzaji amelipia maana aliyojitwalia. Hakumpangia mwimbaji cha kuimba. Mpaka wa uhuru ninauona hapo: hatuulizi nani anatoa pesa, tunauliza nani anaamua kiimbwe nini, wapi, na lini chumba kinyamaze.

Hilo la kunyamaza lina kisa chake. Mwaka 1939 Billie Holiday alikuwa akiimba Café Society, New York. Ulipofika wakati wa "Strange Fruit", wimbo unaohusu Weusi walionyongwa na makundi ya watu katika kusini mwa Marekani, wahudumu waliacha kuhudumia, taa zikazimwa, ukabaki mwanga mmoja usoni pake. Ukiisha, anaondoka, harudi hata wakishangilia. Ungesema huyo ndiye msanii huru. Ila amri ya kusimamisha vinywaji ilikuwa ya Barney Josephson, mwenye klabu, aliyekubali biashara isimame kwa dakika chache. Uhuru wa mwimbaji ulikuwa umesimamiwa na mtu mwingine, naye angeweza kukataa.

Na anayeweza kukataa si mwenye klabu peke yake. Kuanzia mwaka 1940, aliyetaka kufanya kazi katika klabu za usiku za New York alilazimika kuwa na kadi ya polisi. Holiday alifungwa mwaka 1947 kwa kosa la dawa za kulevya na kadi ikaenda. Machi 1948, siku chache baada ya kutoka gerezani, aliimba Carnegie Hall na jumba likajaa. Hapo sheria haikuwa na neno. Ilichomzuilia ni vile vyumba vidogo vyenye pombe, vya kuimba usiku hadi usiku, ambako mwimbaji hupata pesa ya kodi na kuzijaribu nyimbo mpya mbele ya watu ishirini wasiojali sana.

Hakuwa na bosi wa kumfukuza, na mashabiki alikuwa nao tele. Aliachiwa ukumbi mkubwa wa mara moja moja, akanyimwa kazi ya kila siku. Alifariki mwaka 1959 kadi haijarudishwa. Utaratibu wenyewe ulifutwa mwaka 1967.