Fundi na Kiburi cha Mnunuzi

Je, fundi hushiriki dhambi ya anayemnunulia? Swali hili huwa gumu zaidi pale kazi yenyewe inapokuwa njema.

Namfikiria Abraham Roentgen, seremala wa Kijerumani wa karne ya 18. Alikuwa Mmoravian, mtu wa kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Watu hao walihimizana kuishi bila makuu. Hata hivyo, katika karakana aliyoihamishia Neuwied, kando ya mto Rhine, mwaka 1750, yeye na baadaye mwanawe David walitengeneza makabati ya fahari yaliyogombewa na wafalme wa Ulaya.

Moja liko katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Kimo chake ni zaidi ya mita tatu na nusu. Juu ya kiunzi cha mbao vimebandikwa vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali, vikapangwa hata vikawa picha za watu. Kivuli cha shavu au mkunjo wa nguo David hakuuchora kwa wino. Alitafuta kijipande cha mti chenye weusi uliotakiwa, akakichomeka mahali pake. Ukizungusha ufunguo, milango hufunguka na droo za siri hujitokeza. Kabati hilo likawa la Friedrich Wilhelm II wa Prussia. Malkia Catherine wa Urusi na Louis XVI wa Ufaransa nao walikuwa wateja.

Wazee wa kanisa walikuwa na wasiwasi na biashara hii. Nadhani walikuwa na haki ya kuuliza, ila walikosea kama walidhani unyenyekevu hukaa katika kitu. Hata kigoda cha jikoni chaweza kuchongwa kwa kiburi. Na mtu anayehangaikia kijipande kisichozidi ukucha, hata kiungo kisionekane, siwezi kusema anafanya ubatili. Hiyo ni subira, na subira ni ibada ya namna yake.

Wako watakaosema basi, yamekwisha: fundi atajibu kwa kazi yake, mfalme atajibu kwa kiburi chake. Mimi siridhiki. Fedha ya Louis ilitoka katika kodi ya wakulima waliokosa mkate, na David, aliyekwenda Paris mwenyewe mwaka 1779 kutafuta soko, hakuwa kipofu. Kila nikiitazama picha ya kazi yake namsifu. Nikimkumbuka yule mkulima, nashindwa kumtetea.