Jina la Mwenye Wimbo

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni aondokapo na sauti ya mwenyeji mkobani, ni nani aliyepona?

Katika miteremko ya Kilimanjaro, toka Marangu hadi Mkuu kule Rombo, ambako kilele cha Mawenzi ndicho kinachotangulia machoni, wapo watu ambao riziki yao ni kubeba mizigo ya wapanda mlima. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, nao hupimwa kwa mizani langoni. Sauti yake haipimwi. Wapagazi huwaimbia wageni "Jambo Bwana", wakitia humo majina ya vilele na vituo vya mlima wao. Na uchukuliwe mfano wa dijei wa ng'ambo aunasaye wimbo huo, akarejea kwao, akauunganisha na midundo ya kielektroniki, kisha akauuza kwa jina lake, akiuita sauti ya mlima isiyo na mwenyewe.

Mwenyewe yupo. Wimbo huo haukuzaliwa mlimani bali pwani: mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyoutoa mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M, kundi la disko lenye makao Ujerumani, nalo likautoa kwa mtindo wake.

Kukopa si dhambi. Taarabu yenyewe imefumwa kwa nyuzi za Misri, na Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay. Pwani isiyokopa ingalikuwa bubu.

Msomaji atahoji: mbona mpagazi naye huuimba bila kumtaja Kalanda? Hoja hiyo ni nzito. Lakini mpagazi hadai kuwa wimbo ni wake. Tena kwa maneno aliyoyaongeza, yeye pia ni mkopeshaji. Dijei huandika jina lake juu ya jalada. Aandikaye jina lake amekwisha kukiri kwamba majina yana thamani; hawezi tena kusema kwamba ya wengine hayana.

Kumtaja mtunzi na kumsahau mwimbaji ni nusu ya haki. Na kuwataja wote wawili, pasi na kuwapa fungu lao katika kilichouzwa, ni salamu iliyotolewa kwa mkono mtupu.