Aibu ya Kidonge

Msomaji, huko Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda kuchuma maua yauzwayo Ulaya. Mfikirie kijana wa huko aliyeacha kula, kulala na kusema na wenziwe. Angalipatwa na malaria, majirani wangalimhimiza anywe dawa. Kwa kuwa augua huzuni, huambiwa ajikaze, kana kwamba ubongo si kiungo cha mwili kama ini.

Wako waulizao swali zito zaidi: akicheka kwa nguvu ya dawa, kicheko hicho ni chake? Nami huwauliza: na ile huzuni iliyomwingia bila kubisha hodi, ilikuwa yake?

Lakini sitakuficha hatari. Dawa kama fluoksetini huchukua majuma kadhaa kabla ya kufaa, na mwaka 2004 serikali ya Marekani iliamuru dawa za namna hiyo ziandikwe onyo kwamba huweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana. Wako walisomao onyo hilo wakaitupa dawa. Na kuiacha ghafula nako kuna madhara. Mimi naliona kuwa ni amri ya ulinzi. Daktari amwone mara kwa mara, hasa majuma ya kwanza, na nyumbani pawe na macho. Hapo ndipo penye taabu ya Karagita, kwa kuwa macho hayo yako shambani mpaka jioni. Yamebaki yako, wewe uketiye naye dawati moja. Ukimwona amebadilika, utamwambia mtu mzima upesi, au utahofu kuitwa msaliti?