Gari Tuliloliuza

Baba alivaa koti lake la kanisani kwenda kuliaga gari. Hilo hatukulitegemea. Tulijua lori la kubebea lingefika saa tatu asubuhi, tulijua ingechukua kama nusu saa kulivuta gari kutoka chini ya mparachichi, na dada yangu alikuwa amepewa kazi ya kumshikilia baba jikoni kwa chai na viazi. Badala yake alitoka, amevaa koti, akasimama kimya mpaka mnyororo ulipokazwa. Kisha akamwomba dereva wa lori asubiri kidogo. Akafungua mlango, akatoa kitambaa cha kufutia kioo kilichokuwa kimekaukia juu ya dashibodi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Kaka yangu alinitazama. Mimi nikatazama matairi.

Tulikuwa tumemwambia kwamba gari limeuzwa kwa mtu wa Mbeya anayenunua vyuma chakavu. Ukweli ni kwamba lilikuwa linakwenda gereji Makambako, kilometa 60 hivi kutoka kwetu Njombe, likafufuliwe. Ilikuwa Oktoba 2021. Juni iliyofuata baba angetimiza miaka 70, na siku hiyo tungelirudisha likiendeshwa, huku honi inapigwa kuanzia barabarani. Sapraizi, kama tunavyosema siku hizi.

Niseme kwanza ni gari gani. Ni Land Rover Series III, ile ndefu, ambayo mafundi wanaiita mia na tisa kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Injini ya dizeli ya lita 2.25, yenye kelele nyingi kuliko nguvu. Baba alikuwa bwana mifugo, na alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali mwaka 1994, likiwa limeshachoka tayari. Kwa miaka 17 lilibeba chanjo za ng'ombe, magunia ya viazi, kwaya, wajawazito usiku wa manane, na mara kadhaa majeneza. Mwaka 2011 chasisi ilipasuka karibu na springi za nyuma. Likasukumwa chini ya mparachichi, kuku wakahamia humo.

Watu hudhani Land Rover kuukuu ikishaota kutu basi imekwisha. Bodi yake haioti kutu, ni aluminiamu. Waingereza walipoanza kuiunda mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimetoka kwisha, aluminiamu ikawa rahisi zaidi kuipata, wakaitumia hiyo. Kinachooza ni chasisi ya chuma iliyo chini, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, na Njombe unyevu haukosekani, aluminiamu yenyewe hugeuka unga mweupe. Fundi aliukwangua unga ule kwa kucha akaniwekea kiganjani kama chumvi.

Fundi huyo tulimchagua kwa sababu moja tu: alikuwa na spana za inchi. Vijana wa gereji zote za jirani wana spana za milimita, za Toyota, na ukizilazimisha kwenye gari hili nati zinalika kona na hutazifungua tena. Yeye alikuwa na seti yake ndani ya gunia lenye grisi, hamwazimi mtu. Alikata sehemu zilizooza za chasisi akachomelea mpya. Akatoa nozeli zikapelekwa kupimwa. Akafungua springi jani moja moja. Akapaka rangi ya kijani ileile. Kila Ijumaa alinitumia picha, nami nilizifungua ndani ya daladala Dar es Salaam, nimesimama, nimebanwa, nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeanza mapenzi. Sijui kama kuna kitu nimewahi kukifanya kilichonipa furaha kama ile.

Baadaye ndipo nilipokuja kuona mgawanyo ulivyokuwa. Kwa miezi minane furaha yote ya zawadi ile ilikuwa ya kwangu na ya kaka. Baba alikuwa na upande wa pili.

Uongo wetu ulihitaji ushahidi. Mtu hauzi gari bila kupokea fedha. Kwa hiyo mimi na kaka tulichanga shilingi 1,800,000, tukampa baba tukisema ndizo za mnunuzi. Alizihesabu mara mbili. Hakuuliza kama bei ilikuwa nzuri. Aliuliza kama mnunuzi ameahidi kulitoa vizuri kwenye lori.

Februari dada alinipigia simu usiku. "Baba amegawa zile hela," akasema. Nusu alikuwa amenunulia saruji na vigae vya kaburi la mama. Nusu nyingine, laki tisa taslimu, alimpelekea baba mdogo.

Baba mdogo si ndugu yetu wa damu. Alikuwa utingo wa baba tangu siku gari lilipotoka mnadani. Yeye ndiye aliyekaa nyuma juu ya mizigo, ndiye aliyelala na gari lilipozama kwenye matope, na breki zilipokuwa zimekataa, ndiye aliyeruka chini kabla gari halijasimama akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Baba hakuwahi kumlipa ipasavyo, na wote wawili walilijua hilo. Basi sasa alikuwa amekwenda kwake, akaketi, akamwambia: gari letu limeuzwa, hili ni fungu lako. Dada aliniambia wazee hao wawili walikaa pale mpaka giza likaingia.

Ningeweza kupiga simu usiku uleule. Nilikuwa na salio, nilikuwa na sauti, na baba alikuwa halali mapema. Sikupiga. Nilimpigia kaka, tukakubaliana kwamba jambo hilo linagusa moyo, kisha tukajiambia kwamba kadiri baba anavyoliombolezea gari, ndivyo atakavyofurahi likirudi. Ninayaandika maneno hayo hapa kama tulivyoyasema.

Nimekuwa nikilifikiria neno lenyewe. Kiswahili chetu cha magazeti kina ziara ya kushtukiza na ukaguzi wa kushtukiza. Waziri anafika hospitali ya wilaya bila taarifa, kamera zinafuata, mganga mkuu anatafuta koti lake. Katika hadithi zote hizo anayeshtukiza anajua kila kitu na anayeshtukizwa hajui chochote, na kila mtu anaelewa nani ana madaraka pale. Zawadi ya kushtukiza tunaitoa kwenye kundi hilo kwa sababu mwisho wake ni mzuri. Lakini mpangilio ni uleule.

Mtu ataniuliza, na keki ya siku ya kuzaliwa iliyofichwa kabatini je? Sioni tatizo na keki. Anayefichwa keki anakaa gizani saa chache, na katika saa hizo hafanyi uamuzi wowote kuhusu keki. Baba alikaa gizani miezi minane, na akiwa humo aliishi: aliamua, aligawa, aliaga, alijenga kaburi, alimaliza deni lake na mtu. Kila alichofanya kilikuwa cha kweli, na kila kimoja kilisimama juu ya kitu tulichokibuni mezani kwenye mgahawa mmoja Kinondoni.

Tulipokuwa chuo tulisomeshwa insha fupi ya Kant ya mwaka 1797, ile anayosema kwamba ni kosa kudanganya hata kama muuaji anabisha hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha. Darasa zima lilicheka. Mimi bado naona hapo mzee alikosea, ningemdanganya muuaji bila kusita. Ila kuna hoja moja ndani ya insha hiyo ambayo niliipita haraka wakati ule: kwamba anayesema uongo, hata kwa nia njema, anayabeba matokeo yake, hata yale ambayo hakuweza kuyaona mbele. Ukisema kweli yakaharibika, mambo yameharibika. Ukisema uongo yakaharibika, ni wewe. Mimi na kaka tulidhani tunaubeba uongo wetu wawili, tena kwa uangalifu, kama mtu abebavyo yai. Kumbe baba ndiye aliyekuwa akizunguka nao kijijini.

Juni 2022 lilirudi. Ukungu ulikuwa haujainuka, tukapiga honi kuanzia barabarani, watoto wakakimbia, majirani wakatoka na vikombe mikononi. Baba alitoka mlangoni akasimama. Alilizunguka gari taratibu, mkono juu ya bodi. Akaingia. Gari la dizeli la aina hii huwashi tu, unaipasha moto injini kwanza, unahesabu. Nikaona midomo yake inahesabu mpaka kumi na tano kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto na sare ya shule. Injini ikaitika. Akalizungusha mparachichi mara moja, watu wakapiga vigelegele. Video ninayo, dakika mbili na sekunde kadhaa, na shangazi zangu wote wameitazama wakalia.

Video inaishia kabla hajazima injini. Alipozima aliniita dirishani.

"Kwa hiyo halikuuzwa."

"Hapana, Baba."

"Na zile hela?"

"Zilikuwa zetu, mimi na kaka."

Alinyamaza kidogo. "Nilikwenda kwa mwenzangu nikamwambia limeuzwa," akasema. "Mmeniwekea uongo mdomoni."

Hakupandisha sauti. Alishuka, akawashukuru wageni mmoja mmoja, akala nao, akakata keki. Jioni kaka alikuwa amekasirika, kwa niaba ya fedha zetu nadhani, maana matengenezo yalikuwa yamepita milioni 14. "Tungemwambia angekataa," akasema. "Angesema tusomeshe watoto kwa hizo hela. Ungetaka akatae?"

Hoja ya kaka ni ya kweli kabisa, na ndiyo inayonisumbua. Baba angekataa. Tulilijua hilo tangu mwanzo, na siri yetu ilikuwa njia ya kulipita lile hapana kabla halijatamkwa. Zamani wazazi walituamulia shule, nguo na saa ya kulala, wakituambia tutakuja kuwashukuru. Sasa sisi tuna mishahara. Tunawabadilishia paa, tunawahamishia vitanda, tunawanunulia simu wasizozitaka, na tunawaambia yaleyale. Naona wengi wa rika langu tuko hapo, hatujatawazwa rasmi lakini tumeshaanza kutawala, na amri zetu tunazifunga kwa karatasi ya zawadi.

Wala si kwamba ulikuwa utawala tu. Ulikuwa upendo pia, na bado nakumbuka midomo yake ikihesabu. Kama mngeniambia nirudi nyuma, sijui kwa hakika ningechagua nini. Najua tu ni usiku gani wa Februari ningechukua simu.

Kesho yake asubuhi baba aligonga mlango wangu. Alikuwa amevaa lile koti. "Twende kwa baba yako mdogo," akasema. "Utasema wewe."

Tuliendesha bila kuongea. Kishikio cha njano cha kuingiza gurudumu nne hakikuhitajika, barabara ilikuwa kavu, lakini baba alikigusa mara mbili kuhakikisha kipo. Kwa baba mdogo tulipaona kwa mbali: mabati mapya yalikuwa yanamulika kilima kizima. Pale yalipo sasa, mwaka mmoja kabla yake palikuwa na nyasi.

Alikuwa ameketi uani anamenya mahindi. Alisikia injini kabla hajaliona gari. Nilimwona akiinua kichwa, mahindi bado mkononi. Nikashuka nikapiga magoti. "Kamwene," nikamsalimu, kisha shikamoo, na nikamweleza yote, kuanzia lori mpaka fedha, nikisema kila mara kwamba baba hakujua. Baba alibaki ndani ya gari, mikono juu ya usukani, anatazama mbele.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama paa lake. "Hela zenu nimeshazipandisha juu," akasema.

"Hakuna anayekudai," baba akajibu kutoka garini, kwa mara ya kwanza.

"Nimeuliza kudaiwa?"

Wakanyamaza wote wawili. Kisha baba mdogo akainuka, akaweka mahindi chini, akalizunguka gari kama baba alivyolizunguka. Akachungulia chini, akagonga chasisi kwa kidole mahali ilipochomelewa. Uwanja wake una mteremko kidogo kuelekea kwenye migomba. Aliutazama, akaenda ukingoni mwa uwanja, akarudi na jiwe, akachuchumaa, akaliweka nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto.

"Breki ni mpya, baba mdogo," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, akalisukuma jiwe kwa mguu mpaka likakaa sawasawa.